Msamaha wa Bwana Funguo

Siku waziri alipomfukuza kaka yangu kazi mbele ya nchi nzima, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, mdomo umejaa misumari midogo. Kwa hiyo sikushangilia. Sisemi hivyo kujisifu. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kushangilia kitu.

Wengine wote walishangilia.

Serikali mpya ilikuwa bado mbichi wakati huo. Mawaziri wake walikuwa na mtindo mmoja: wanaibuka ofisini asubuhi bila taarifa, kamera nyuma yao, wanauliza nani anahusika, na anayehusika anafukuzwa palepale kabla hajafunga vizuri vifungo vya shati. Watu waliuita kufyeka. Ilifika mahali mtu hakuulizi umeamkaje, anakuuliza, "Leo wanafyeka wapi?" Walifyeka ofisi ya ardhi, wakafyeka mizani ya malori, wakafyeka chuo kimoja mpaka mkuu wake akaondoka ameacha koti kwenye kiti. Tulifurahi. Kila mmoja wetu alikuwa na ofisi yake, ile aliyowahi kusimamishwa dirishani mpaka miguu ikawaka moto, na alikuwa anasubiri zamu yake ifike.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko chini ya paa moja na fundi cherehani mmoja tunayemwita Spika, kwa sababu mazungumzo yakianza anayaendesha yeye. Anakupa nafasi ya kusema, na akichoka nawe anakunyang'anya. Televisheni ni yake, imekaa juu ya kabati la vitambaa. Tangu rais mpya aapishwe, cherehani ya Spika ilikuwa hailii asubuhi. Watu wa mtaani walijaa kuangalia: mchomelea mageti, dada wa duka la dawa, waendesha pikipiki. Walikaa kwenye makochi ya wateja ambayo nilikuwa sijayawamba, springi zinawachoma makalio, na bado hawakuondoka.

Siku ile ilikuwa zamu ya hospitali kuu. Waziri alikuwa mtu mfupi, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko kama anayetaka kuosha vyombo. Kamera ilionyesha wodi ya wazazi. Wanawake walikuwa wamelala sakafuni, vichanga kifuani, kanga zimetandikwa juu ya saruji tupu.

"Vitanda viko wapi?" waziri akauliza.

Muuguzi mmoja aliangalia mlango uliokuwa mwisho wa korido, akageuza macho haraka. Waziri aliona. Akaenda mpaka kwenye mlango ule, akautikisa. Umefungwa.

"Nani ana funguo za chumba hiki?"

"Wanameza mate hao," Spika akasema. "Mwangalie daktari yule anavyojificha nyuma ya toroli. Toroli lenyewe jembamba."

Watu wakacheka. Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye televisheni ikisema, "Ninazo mimi, mheshimiwa."

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyoniita kula utotoni, na ndiyo iliyonigombeza nilipoacha shule. Nilitema misumari mkononi nikainua kichwa juu ya kochi.

Kaka yangu alikuwa amesimama mbele ya waziri, rundo la funguo limeinuliwa juu. Alikuwa mbeba wagonjwa katika hospitali ile, anasukuma machela, kazi aliyoifanya tangu mimi sijaota ndevu. Sare yake ilikuwa imenyooka, mkunjo wa pasi unaonekana hata kwenye televisheni. Na alikuwa anatabasamu. Nchi nzima iliona lile tabasamu, na ndilo lililommaliza.

Waziri alipokea funguo, akafungua. Ndani kulikuwa na vitanda vipya, vimepangwa mpaka darini, vimevikwa nailoni. Kelele iliyotoka kwa wale akina mama sijawahi kuisikia tena. Mmoja alikaa chini akalia kama aliyefiwa.

"Mnamwona huyu?" waziri akasema, kidole usoni kwa kaka. "Mama zenu wanazaa kwenye saruji, yeye amekalia vitanda. Na anacheka! Anacheka!"

"Mheshimiwa, mimi nili..."

"Nyamaza! Kuanzia dakika hii wewe si mtumishi wa umma. Mtoeni."

Karakana ililipuka. Mchomelea mageti alirusha kofia. Dada wa duka la dawa alipiga vigelegele. Spika alisimama juu ya kigoda akatangaza, "Hoja imepita! Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Ni kaka yangu," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikalirudia kwa sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya barabara. Spika alishuka kwenye kigoda polepole. Mchomelea mageti alienda kuokota kofia yake. Wakatoka mmoja mmoja, na dada wa duka la dawa aliponipita alisema "pole" bila kunitazama, halafu nikamsikia nje anamwambia mwenzake, "Kumbe ni ndugu. Sasa na haya makochi, unajua vitambaa vinatoka wapi?"

* * *

Nilimkuta nyumbani kwake mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya sare yake. Shemeji yangu, mke wake, ni msusi. Anasukia sebuleni. Kulikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Alikuwa amejifunga kilemba, anatafuta viatu vyake, anasema atarudi kumalizia. Hakurudi.

"Nieleze," nikamwambia kaka.

Akanieleza. Mtunza stoo alisikia magari ya waziri yakiingia getini. Akaja kwenye korido nusu anatembea nusu anakimbia, akamkuta kaka na machela, akamtumbukizia funguo mfukoni. "Nishikie hizi, naenda msalani." Mpaka leo hajatoka msalani.

"Ulijua kilichomo ndani?"

"Nilivibeba mimi mwenyewe kuviingiza, mdogo wangu. Wakati huo serikali iliyopita bado iko madarakani. Tuliambiwa ni vya wodi ya kulipia, itafunguliwa, tufunge midomo. Nikafunga. Lakini nilisema moyoni, siku akija mtu wa kuambiwa, nitamwambia."

"Ndiyo maana ukacheka."

"Nilifurahi. Funguo zilipoingia mfukoni nilijua ni Mungu. Nilisema nianze na funguo, aone kwa macho yake, halafu nieleze."

"Ulianzia mwisho," nikasema. "Ungesema kwanza 'nimepewa.' Neno moja tu hilo."

"Sikujua nina nafasi ya neno moja."

Kaka aliipigia kura serikali ile. Alibandika picha ya rais mlangoni kwake kabla matokeo hayajatoka, akagombana na mashemeji zake mpaka wakaacha kuja. Tangu kiapo, alikuwa anapiga pasi sare kila jioni. Shemeji alimcheka: "Unaoa tena?" Yeye akajibu kwamba wakija wasimkute kama tambara. Kwa hiyo ukiniuliza nani alifurahi zaidi nchi hii siku zile, nitakuonyesha yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Binti yake wa mwisho alirudi kutoka shule tukiwa bado tumekaa. Yuko sekondari. Kola ya shati lake ilikuwa imechanika mpaka begani, na jicho moja limevimba.

"Umefanya nini wewe?" mama yake akapiga kelele.

"Walisema baba ni mwizi."

"Ukapigana?"

"Niliwaambia kwanza. Hawakusikia." Akamgeukia baba yake. "Baba, hukuiba, eti?"

"Sikuiba, mama," kaka akasema. Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa sababu ana jina la mama yetu. "Funguo nilipewa dakika ileile na mtunza stoo, akasema anakwenda msalani. Mungu shahidi."

"Nilijua," akasema, akaenda kuosha uso. Basi. Hakuuliza zaidi. Nimeona watu wazima waliokula kwenye sahani ya kaka yangu wakihitaji maelezo marefu kuliko yale, na bado hawakuamini.

* * *

Video ilizunguka kwenye simu. Mtu fulani aliikata ikabaki sehemu ya tabasamu tu, akaiwekea muziki. Wakamwita Bwana Funguo. Akipita barabarani, watu walitoa funguo mfukoni wakazichezesha. Hawakusema kitu, walichezesha tu, chwi chwi chwi, mwenye duka, kinyozi, hata mzee anayekaa nje ya ofisi ya kata ambaye hana mlango wa kufunga. Shemeji alikaa sebuleni na chanuo na nywele za kuongezea, hakuna aliyekuja kusukwa. Wanawake walipeleka vichwa vyao kwa msusi wa mtaa wa pili.

Binti alipigana tena. Mwalimu alimwita mama yake. Shemeji aliniambia nimwongeleshe mtoto, kwa kuwa mimi nina lugha ya ukali. Nikamkalisha.

"Waache waseme. Maneno hayavunji mfupa."

"Wewe ungewaacha, baba mdogo?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Hujanijibu."

Kisha akasema, "Siku ukweli ukitoka nataka niwe nilisema tangu mwanzo. Sitaki niwe yule aliyenyamaza halafu akajifanya alijua." Nilimwangalia yule mtoto nikaona aibu kwa ajili ya mtaa mzima.

Mimi nilitaka twende wizarani kupiga kelele. Kaka hakutaka kelele.

"Waziri ndiyo kwanza ameingia. Atajuaje kila kitu? Mpe muda."

"Amekufukuza kabla hujamaliza sentensi."

"Alikuwa na hasira kwa ajili ya wale akina mama. Na mimi nilikuwa na hasira hiyohiyo. Tuko upande mmoja, sema hajui."

Mtu akiongea hivyo utamwambia nini? Nilimwambia avae viatu.

Wizarani, jengo moja na wizara nyingine, tulikuta wengine waliofyekwa. Walikaa kwenye benchi refu la korido, wameshika bahasha, wamevaa suti za harusini. Nilitegemea kusikia matusi. Wapi! Kila mmoja alikuwa anaisifu serikali. Mkuu wa chuo yule aliyeacha koti alisema kazi inayofanyika ni nzuri sana, sema kwake tu ndipo walipoteleza. Bwana wa mizani naye akasema hivyohivyo: kwingine kote wamepatia, kwake ndiyo wamekosea. Benchi zima lilikuwa la watu waliofukuzwa kimakosa, na kila mmoja aliamini wale wenzake ni wezi kweli. Mkuu wa chuo alipomtambua kaka alisogea kidogo, akaweka bahasha yake katikati.

Tulipokewa na afisa wa habari, kijana wa viatu vya kung'aa na simu mbili. Alimsikiliza kaka mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho, na kaka machozi yalimlenga.

"Najua," kijana akasema.

"Unajua nini?" nikauliza.

"Kwamba si yeye. Mtunza stoo tulimfuatilia siku ileile. Mzee huyu hana kosa."

Kaka alinigeukia, uso umemwaka. Nikaona kwamba alikuwa anataka kuniambia, si nilikwambia?

"Kwa hiyo mtatangaza," nikasema.

Kijana aliweka simu zote mbili kifudifudi. "Mzee wangu, nikueleze kama mtu wa nyumbani. Wananchi wameipenda sana ile siku. Watu wanalia njiani, wanamwombea waziri. Sasa nikitoka kesho niseme alimfukuza asiyehusika, kesho kutwa kila aliyefukuzwa atasema naye hakuhusika. Mmewaona pale nje. Waziri hawezi kuwa amekosea mapema hivi."

"Lakini amekosea."

"Ndiyo. Ila hawezi." Akamgeukia kaka, akalainisha sauti. "Tumefikiria njia. Waziri atarudi hospitali kukabidhi vitanda wodini. Kutakuwa na wananchi. Wewe utakuja, utaomba radhi, yeye atakusamehe, atakurudisha kazini palepale. Watu wanapenda kuona mtu akifukuzwa, na wanapenda vilevile kuona akisamehewa."

"Niseme niliiba?" kaka akauliza.

"La hasha! Useme ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Hapo usipataje."

"Wakiniuliza?"

"Hakuna atakayeuliza," kijana akasema, na alisema kweli.

* * *

Nyumbani tulibishana hadi tukakauka koo. Mimi nilisema asiende. Shemeji alikuwa amekaa mkekani, anachambua nywele za kuongezea ambazo hazikuwa na kichwa cha kwenda.

"Shemeji, wewe una karakana," akaniambia. "Ukimaliza kusema hapa utaenda kwako, kuna nyundo inakusubiri. Sisi tutabaki na maneno yako mazuri. Yatapikwa na nini?"

"Jina lake je?"

"Jina gani? Bwana Funguo?"

Kaka alituacha tumalize. Kisha akasema atakwenda. Alisema akirudi ndani ya ile hospitali ataendelea kusukuma wagonjwa, na vitanda vitakuwa chini ya wagonjwa, na hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo. "Mengine ni maneno tu ya dakika moja."

"Na mtoto?" nikauliza.

Kaka alitazama nje. Binti alikuwa uani, anaanua nguo. Shemeji akasema mtoto asielezwe mpango huu, ana mdomo, ataubeba mpaka shuleni, na ukifika kwa yule kijana wa viatu basi kazi imekwenda. Aambiwe tu baba anarudishwa. Tukakubaliana hivyo, na mimi nikiwemo.

Binti alipoambiwa aliruka, akamkumbatia baba yake shingoni mpaka kiti cha plastiki kikalia. "Wamejua! Nilisema watajua!" Kesho yake aliwatangazia darasa zima waangalie televisheni, waone baba yake akiombwa radhi na waziri.

Kaka alipiga pasi sare yake siku ya kwenda. Mimi niliongozana naye. Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa kama mechi ya fainali. Vitanda vilikuwa vimetolewa nailoni, vimepangwa juani viangaliwe. Wagonjwa waliletwa na machela zao kuangalia. Nilimwona kaka akimtazama kijana aliyesukuma mojawapo, kumbe anaegemeza uzito upande usiofaa, na mkono wa kaka ukacheza kana kwamba unataka kumsaidia.

Waziri aliongea kwa kirefu. Kisha kaka akaitwa. Alipewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa waziri," akasema. "Akina mama. Nilikosea. Naomba mnisamehe."

Ilikuwa inatosha. Hayo ndiyo waliyokubaliana. Lakini kaka yangu ni mtu ambaye hajui kufanya kitu nusu. Alipiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Alipiga magoti kwenye mchanga, sare imepigwa pasi, mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe wa kwanza. Nilimwona yule afisa wa habari akimgonga bega mpiga picha, asogee karibu.

Waziri alimwinua kwa mkono, akamkumbatia. Uwanja ulilia. Nasema kweli, watu walilia, wanaume na matumbo yao. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alijifuta kwa ncha ya kanga akaniambia, "Hawa viongozi wa sasa ni watu. Wa zamani wangeua."

"Yule hakufanya kitu," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu. Mtu akitubu ni kama hakufanya kitu."

Nikaacha.

* * *

Jioni nyumba ya kaka ilijaa. Watu waliokuwa wakichezesha funguo walikuja kupeana naye mikono. Spika alikuja na koti, akatoa hotuba fupi kwamba Bunge limempokea mheshimiwa mjumbe aliyepotea. Wanawake wawili walikuwa wameshakaa mkekani kusukwa, na shemeji anasuka haraka haraka, anacheka na kila mtu, kicheko cha mtu aliyerudishiwa pumzi. Kijana wa chama tawala hapo mtaani alikuwepo pia, amekaa kwenye kiti kizuri, anapiga picha na simu.

Kaka alikuwa katikati yao. Sijui kama alikuwa na furaha. Alikuwa anaitikia.

Binti aliingia na sare ya shule. Alichelewa, nadhani alizunguka. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya baba yake na mkoba begani, na wale waliokuwa wakiongea wakaona uso wake wakapunguza sauti, kisha wakanyamaza kabisa.

"Baba," akasema. "Funguo zilikuwa zako?"

Kaka aliangalia chumba. Mimi niliangalia pia, kwa macho yake. Kijana wa chama alikuwa ameshusha simu mapajani lakini hajaizima. Shemeji alikuwa ameshika msuko mmoja katikati ya vidole, hausuki.

"Zilikuwa zangu, mama," akasema. "Nilikosea. Lakini yamekwisha."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelezwa hesabu akaielewa. "Sawa, baba."

"Mtoto mwema," Spika akasema. "Hana kinyongo."

Mazungumzo yakarudi. Binti alitoka kwa mlango wa uani. Nikamfuata.

Alikuwa ameketi kwenye karo la kufulia, mkoba bado begani. Hakuwa analia. Nilikaa kando yake nikamwambia yote. Nilimwambia habari za mtunza stoo na korido, za kijana wa viatu na simu zake mbili, na kwamba baba yake alikuwa anamlinda yeye na mama yake, na kwamba asiseme shuleni lakini ajue yeye, moyoni mwake, kwamba yale aliyopigania yalikuwa kweli. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Ndani, watu walikuwa wanacheka jambo fulani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono juu ya goti, kama wafanyavyo wanawake wakubwa msibani.

"Wewe ni mdogo wake, baba mdogo," akasema. "Lazima umtetee."

"Nakwambia ukweli."

"Najua unampenda. Mimi pia nampenda." Akainuka, akavua mkoba. "Hata mimi nilikuwa nawaambia hivyohivyo wale wa shule. Kuhusu msalani na nini. Walinicheka."

Mama yake akaita kutoka ndani, wageni hawajapewa maji. Binti akaitika, akachukua trei na vikombe kwenye kichanja, akavisuuza kimoja kimoja, akaingia. Nilimsikia akiwakaribisha, "Karibuni, karibuni," kwa sauti ya adabu, akianzia kwa kijana wa chama.